Kura ya Hapana ya Seneta Tarpley

Jumatatu, 1 Juni 1959

Dewey Strickler anagombea kiti cha Baba. Tumelisoma gazetini tukinywa kahawa, kama watu wengine wote wa Pruitt, na hilo ndilo lililoniuma zaidi: hakuja kutuambia. Huyu amekula chakula cha Jumapili mezani petu tangu baba yake alipouawa na msumeno kule kiwanda cha mbao. Baba ndiye aliyemsomesha sheria. Baba ndiye aliyemfunga tai siku yake ya kwanza mahakamani.

"Picha imemtoa vizuri," Baba akasema, akalikunja gazeti.

"Hilo tu ndilo la kusema?"

"Unataka niseme nini, Verna? Mimi nilipokuwa na umri wake niligombea dhidi ya mtu aliyenipa kazi."

Nimekasirika, lakini si kwa Dewey. Nimemkasirikia Baba. Mwezi wa pili ulipoletwa ule muswada wa kumruhusu gavana kufunga shule zote za serikali, ili tu watoto weusi na weupe wasije wakakalishwa darasa moja, maseneta wengine wote wa jimbo walisema ndiyo, nao ukapita. Baba peke yake alisema hapana. Baba huyu huyu, ambaye kwa miaka ishirini na mitatu hajawahi kukataa sheria hata moja ya kuwaweka weusi upande wao. Hakuniuliza, hakumwambia mtu. Alirudi nyumbani, akavua viatu, akaomba mtindi na mkate wa mahindi. Mimi ni mwalimu, nilipaswa kufurahi. Nilichowaza ni jinsi watu watakavyotutazama.

Alhamisi, 4 Juni

Joto. Nimechambua maharage na Ozella, mpishi wetu, mpaka kucha zikawa kijani. Simu haijalia kutwa nzima.

Jumapili, 7 Juni

Kanisani benchi letu lilikuwa na watu wawili, Baba na mimi. Linabeba wanane. Wanaokaa nasi siku zote walikuwa wamebanana nyuma kama kuku kwenye tenga, na mhubiri akajifanya haoni. Baba aliimba kwa sauti kubwa kuliko kawaida yake, na nje ya tuni.

Jumamosi, 13 Juni

Binamu aliyekuwa akimwendesha Baba wakati wa kampeni amepatwa na maumivu ya mgongo ya ghafla. Kwa hiyo nimeshika usukani mimi. Tumekwenda vijiji vitatu vya kaskazini, kule ambako Baba alizaliwa katika kibanda cha mkulima asiye na shamba lake. Alipanda juu ya tela la trekta, akainua mkono wake wa kushoto wenye vidole vitatu, akaanza kama anavyoanza tangu mwaka wa thelathini na sita:

"Jamani, vidole vyangu viwili viko kiwandani mpaka leo. Nasikia ndivyo pekee vinavyompigia kura Bwana Luckett, mwenye kiwanda!"

Zamani mzaha huo uliwavunja watu mbavu. Leo mzee mmoja alicheka, akatazama pembeni, akanyamaza. Baba aliwakumbusha barabara ya lami, umeme, hospitali. Mwanamke mmoja mwenye mtoto kiunoni akasema, "Hospitali tumeiona, Seneta. Swali letu ni shule."

"Shule iko wazi, mama. Hilo ndilo nililolipigia kura."

"Na wale wakija kukaa na huyu mwanangu, je?"

Baba akashuka kwenye tela. Njiani nilimwambia kwamba amejitakia. Aliweka kofia usoni, akalala, au akajifanya amelala.

Jumamosi, 20 Juni

Hakuna mvua. Pamba imesimama tu, haikui wala haifi.

Jumatano, 24 Juni

Jirani yetu amerudisha sahani zetu zote, za miaka yote. Ameziosha, akazifunga kwa taulo safi, akaziacha barazani bila kugonga mlango. Ozella alizihesabu huku akitikisa kichwa.

"Hili bakuli tulilipeleka na viazi alipozaa mtoto wake wa kwanza. Mtoto yuko jeshini sasa. Angalau hasira imemfanya aoshe vyombo."

Baba alicheka mpaka akakohoa. Ozella ametupikia tangu Mama alipofariki, na ni yeye tu anayeweza kumchekesha hivyo. Nikamuuliza, "Kwenu, upande wa weusi, wanasemaje juu ya ile kura?"

Aliendelea kufuta sahani. "Kwetu hatupigi kura, Binti Verna. Kwa nini tuwe na la kusema?"

Alhamisi, 2 Julai

Amekuja Elbert Gaines, mwalimu mkuu wa shule ya weusi kule ng'ambo ya reli. Alikuja mlango wa jikoni, kofia mkononi, suti nyeusi kwenye jua lile. Baba alimtokea pale pale mlangoni. Hakumkaribisha ndani, na mpaka ninapoandika sasa sikuliona hilo kuwa ajabu.

"Elbert! Nilijua utakuja. Hukuwa na haja ya kuja kunishukuru."

"Sikuja kukushukuru, Bwana Seneta."

Baba akabaki na tabasamu lisilo na pa kwenda.

"Watu wa Bwana Strickler wanasema sisi ndio tuliokuomba ile kura," Mwalimu Gaines akasema. "Wanasema nilikuja kwako kwa siri. Bodi ya shule imeniita mara mbili. Naomba jambo moja tu: popote unapohutubia, sema kwamba hatukukuomba."

"Lakini ilikuwa kura nzuri kwenu."

"Ulikataa shule zifungwe. Nami nafurahi gavana hajazifunga. Lakini shule yangu inavuja tangu uliponiahidi mabati, mwaka wa arobaini na nane. Watoto wanajua madawati ya kukalia na madawati ya ndoo." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Sidai mabati leo. Nadai useme kweli tu, kwa sababu ndiyo itakayoniachia kazi."

Baba alisugua shingo. "Nitasema. Una neno langu."

Alipoondoka, Baba aliingia akakaa jikoni. "Umesikia jinsi alivyonisemesha?" akamwambia Ozella.

"Nimesikia," Ozella akasema. Akamwekea chai ya barafu, akaondoka kwenda kuanua nguo.

Jumamosi, 4 Julai

Sikukuu ya Uhuru. Nyama ya kuchoma kwenye uwanja wa mahakama, bendera, tarumbeta. Dewey alihutubia vizuri sana, na kila alipotaja jina la Baba alilitaja kwa heshima, kama mtu anayemtaja marehemu. Baadaye alinifuata kwenye meza ya keki.

"Verna, mwambie aseme amekosea. Maneno matatu manne tu. Watu wanampenda. Watamsamehe, halafu mimi nitamshinda taratibu, na astaafu kwa heshima."

"Kwani wewe unaamini alikosea?"

Alitazama kulia na kushoto. "Ningekuwa pale ningetamani kusema hapana kama yeye. Lakini sikuingia siasa ili nishindwe."

"Amekulea wewe, Dewey."

"Ndiyo. Na aliyonifundisha ndiyo haya."

Jumamosi, 11 Julai

Mvua! Imenyesha tangu adhuhuri. Baba alitoka akasimama uani akiwa na suti, akalowa kama mtoto.

Jumamosi, 18 Julai

Lazima niandike hili lote kabla sijalala.

Mkutano ulikuwa katika jumba la soko la mifugo, umejaa mpaka milangoni. Walianza kuzomea kabla hajapanda jukwaani. Mtu akarusha nyanya, ikampata begani. Bibi mmoja ambaye Baba alimvutia umeme mpaka shambani kwake aligeuza kiti chake, akakaa akitupa mgongo. Nilikuwa nyuma ya Baba na funguo za gari mkononi, tayari kukimbia.

Baba hakutaja vidole. Hakutaja barabara. Alifuta bega kwa leso, akasema kwa sauti ndogo, ikabidi wanyamaze ili wasikie:

"Nilipokuwa na miaka kumi na tisa sikuweza kusoma jina langu. Kila mwisho wa wiki niliweka alama ya msalaba, na karani aliniambia nimepata kiasi gani, nami nikamwamini. Kulikuwa na binti anayefundisha katika shule ya chumba kimoja karibu na kiwanda. Nilikwenda jioni moja, nikamwambia nimekuja kutengeneza jiko lake. Jiko halikuwa na kasoro. Alijua. Akanipa ubao wa mtoto wa darasa la kwanza. Neno la kwanza nililosoma maishani lilikuwa 'mvua'. Nilitoka nje nikaliambia giza, mvua, mvua, kama mwendawazimu. Binti yule nilimwoa. Wengi wenu aliwafundisha. Sasa mnaniambia nipige kura mlango ule ufungwe? Kwa sababu yoyote ile? Siwezi. Nifukuzeni, lakini siwezi."

Hawakupiga makofi. Lakini hawakuzomea tena, na bibi yule alikuwa amegeuza kichwa, japo si kiti.

Katika maisha yangu yote sikuwahi kuambiwa kisa cha jiko. Mama naye hakunisimulia. Nilipoendesha gari kurudi nilikuwa nikilia, na nilimwambia Baba kwamba nilikuwa mjinga, kwamba tangu mwezi wa pili nimemwonea aibu na sasa naionea aibu aibu hiyo. Alinipapasa mkono.

"Tazama barabara, mwanangu. Niliijenga mimi, ina mashimo."

Kitu kimoja tu kimenikera nilipofika kitandani. Hakusema neno juu ya Mwalimu Gaines. Nitamkumbusha kesho.

Jumapili, 19 Julai

Nimemkumbusha. "Wiki ijayo," amesema.

Ijumaa, 24 Julai

Nilikwenda kwa fundi wa nguo. Niliporudi nilikuta gari la Bwana Luckett likitoka kwetu. Kiwanda cha mbao ni chake, cha kuchambua pamba ni chake, na ni mwenyekiti wa bodi ya shule. Baba amesema walizungumza habari za pamba. Hakula chakula cha jioni, na zilikuwa bamia za kukaanga anazozipenda.

Jumatatu, 27 Julai

Baba anatembea barazani kutoka mwisho mmoja hadi mwingine.

Jumamosi, 1 Agosti

Mkutano wa mwisho, ngazi za mahakama, kaunti nzima imekuja.

Alianza vizuri. Kisha akatoa miwani mfukoni, akaipangusa, akairudisha, na nikajua kwamba jambo baya linakuja, maana Baba hahitaji miwani kuhutubia.

"Ndugu zangu, mtu mzima hukiri akikosea. Mwezi wa pili nilipiga kura ambayo naijutia. Nilidanganywa. Mwalimu mmoja mweusi wa hapa hapa alikuja nyumbani kwangu, akanililia, akanitia huruma. Elbert Gaines alinichezea, nami mzee nikachezeka. Halitatokea tena."

Wakalipuka. Kofia zilirushwa juu. Ni mara ya kwanza kiangazi hiki kwao kumpigia Baba makofi, na waliyapiga muda mrefu, na yeye alisimama pale akiinua mkono wenye vidole vitatu, uso mweupe kama chokaa.

Ng'ambo ya barabara, kivulini, walikuwa wamesimama watu weusi wachache. Ozella alikuwa miongoni mwao. Aligeuka akaondoka bila haraka.

Ndani ya gari nilisema, "Gaines alikuja mwezi wa saba. Kura ulipiga mwezi wa pili."

"Endesha gari, Verna."

"Ulimpa neno lako."

"Nimesema endesha."

Jumanne, 4 Agosti

Ameshindwa. Hata kijiji alichozaliwa kimempa Dewey kura.

Jumatano, 5 Agosti

Ozella hajaja. Nimeunguza mayai. Baba ameyala yote.

Jumatatu, 10 Agosti

Ozella amerudi. Hakunisalimu. Alifunga aproni, akaanza kusugua jiko ambalo lilikuwa safi. Nikamwambia nimefurahi kumwona, na kwamba mimi nami sielewi kwa nini Baba alifanya vile.

Akageuka. "Huelewi? Ijumaa ile Bwana Luckett alikaa pale, kwenye kiti kile. Nilikuwa nammiminia kahawa. Akasema, 'Hollis, usipozimeza zile kelele zako za ile kura, shule ikifunguliwa mwezi wa kumi darasa la Verna litakuwa na mwalimu mwingine, na hakuna kaunti itakayomwajiri.' Seneta akaomba siku chache afikiri. Alifikiri."

Nilikaa chini.

"Sikukwambia ili umhurumie," Ozella akasema. "Elbert amefukuzwa wiki iliyopita. Wajukuu zangu wote watatu wamesomea kwake. Nimekwambia ili ujue amefukuzwa kwa ajili ya kazi ya nani."

Nilimkuta Baba barazani. Nikamuuliza kama ni kweli.

"Bodi ilimwachisha mama yako kazi siku aliponioa. Mwanamke aliyeolewa hafundishi, ndivyo walivyosema. Alikuwa akisimama dirishani kila asubuhi watoto wakipita. Mpaka anakufa, Verna. Sikuweza kuvumilia kukuona wewe pale dirishani."

"Ungeniuliza."

"Ungeniambia nisiseme."

"Ndiyo! Ndiyo, ningekuambia usiseme!"

"Basi ndiyo maana," akasema.

Jumamosi, 15 Agosti

Nimekwenda kwa Mwalimu Gaines. Sijawahi kuvuka reli kwa miguu. Niligonga mlango wa mbele. Mkewe alinifungulia, akanitazama, akarudi ndani bila neno. Mwalimu mwenyewe alikuwa anafunga vitabu kwa kamba. Wanahamia Detroit, kwa kaka yake.

"Nimekuja kukuomba radhi kwa niaba ya Baba."

"Hawezi kutembea?"

"Anatembea."

"Basi asikutume."

"Hajanituma. Hajui kama niko hapa."

Alikaza fundo. Ana miaka hamsini na kitu, na miaka thelathini kati ya hiyo ameimaliza katika shule ile. Kuna watu wanaomwita Elbert ambao hawajafikia umri wa viatu vyake.

"Sasa wewe unajua kwamba sikumwomba," akasema. "Utawaambia watu?"

"Nani atanisikiliza?"

"Sijauliza kama watakusikiliza. Nimeuliza kama utawaambia."

Nilisema ndiyo. Aliitikia kwa kichwa kama anavyoitikia mwalimu anayesubiri kuona kazi yenyewe. Hakunipa mkono, na sikuthubutu kuunyoosha wangu.

Jumatano, 9 Septemba

Pamba imefunguka. Wachumaji wamejaa mashambani. Nimewaambia watu wawili, karani wa posta na mke wa mhubiri. Wote wawili walisema, "Pole, umechoka, mpenzi."

Jumapili, 20 Septemba

Hatuendi tena kanisani. Baba ananiomba nimsomee gazeti, kisha analichukua na kusoma mwenyewe, kidole chini ya kila neno. Hakuwa akifanya hivyo zamani. Leo aliuliza, "Elbert ameshaondoka?"

"Mwezi sasa."

"Alikuwa na watoto wangapi pale shuleni?"

Sikujua. Baba naye hakujua. Alikuwa seneta wao miaka ishirini na mitatu.

Baadaye akasema, "Niliposhuka zile ngazi, wakati wakishangilia, nilijua nimeshindwa. Mtu anayeshangiliwa hivyo haogopwi tena." Nilimfunika magoti kwa blanketi. Nilikuwa nimeapa kutomhudumia kwa upole, na nimeshindwa.

Alhamisi, 1 Oktoba

Baba amefariki leo mchana, barazani, malori ya pamba yakipita. Niliingia ndani kumletea mtindi. Niliporudi macho yalikuwa wazi, mkono umeanguka nje ya kiti. Nilimwita mara nyingi. Nilimwita kwa jina ambalo nilimwita nilipokuwa mdogo.

Jumamosi, 3 Oktoba

Tumemzika kando ya Mama. Waliomkimbia walijaa kanisa, na wengine wakasimama nje. Dewey alisoma wasifu. Alisema Hollis Tarpley alikuwa mti wa kaunti hii, na kwamba siku iliyotukuka kuliko zote katika maisha yake ni ile aliposimama kwenye ngazi za mahakama, akakiri kosa, akarudi kwa watu wake.

Nikasimama.

"Siku hiyo alisema uongo," nikasema. "Elbert Gaines hakumwomba kitu. Hakuna aliyemwomba. Alipiga kura ile kwa sababu alijua maana ya kutojua kusoma, na ilikuwa kura yake mwenyewe, na ndiyo kazi bora aliyowahi kuifanya. Kisha akamtupa mtu asiye na hatia ili mimi nibaki na kazi. Bwana Luckett yuko pale, benchi la pili. Muulizeni."

Mtoto alilia mahali fulani. Halafu mhubiri akasema, "Na tuimbe," na kinanda kikaanza, na wanawake wawili wakanishika mikono kwa huruma kubwa, wakanikalisha kama mgonjwa. Makaburini kila mtu alinikumbatia. "Maskini. Alimpenda mno baba yake." Dewey alilia kwelikweli. Bwana Luckett mwenyewe alinipiga-piga begani.

"Majonzi hutusemesha mengi, binti. Hatukusikia chochote. Darasa lako linakusubiri Jumatatu."

Jumatatu, 5 Oktoba

Mvua imeanza alfajiri. Kengele ya shule imelia. Nilikuwa nimevaa, nimechana nywele, kitabu cha darasa la tatu kiko mkobani. Nilifika langoni nikaona watoto wakiingia wamejifunika makoti vichwani, nikaona mlango ulioachwa wazi kwa ajili yangu, na mtu aliyeulipia yuko Detroit. Nikarudi.

Ozella alikuwa jikoni.

"Umesahau nini?"

"Sijasahau kitu. Siendi."

Alinitazama. "Leo, au kabisa?"

"Kabisa."

"Haitamrudisha Elbert."

"Najua."

"Utakula nini?"

"Sijui, Bi Ozella."

Hakusema lolote juu ya namna nilivyomwita. Alisogeza beseni la viazi katikati ya meza, akanipa kisu kidogo, tukamenya.

Nilimpenda Baba. Naliandika hapa kwa sababu siwezi kulisema mbele ya mtu yeyote katika mji huu bila yeye kudhani nimemwelewa vibaya yule mzee, au nimemsamehe.